Mafuta ya Kondoo Kwenye Klachi ya Kiherehere

Shemeji yangu Komora,

Nakuandikia nikijua husomi. Kwa hiyo yupo mtu mbele yako sasa hivi anayekusomea, na huyo namwomba jambo moja, asome polepole na asiruke mstari hata ukimwambia inatosha. Nakujua, utamwambia inatosha. Barua hii sikuifunga. Nimeinakili mara kadhaa. Moja imepanda mto na watu wa Wenje, moja imekwenda Witu, moja iko Lamu kwa mjomba wangu, na nyingine nimempa Muorma anayepeleka ng'ombe Malindi. Isomwe kivukoni, isomwe msikitini watu wakishaswali, isomwe dukani mbele ya wanaonunua tumbaku. Kwa kuwa hatujui uliko, itabidi wengi wasikie ndipo usikie wewe.

Jambo lenyewe ni hili. Uliondoka nyumbani ukiamini kwamba mafuta uliyopaka kwenye klachi ya mashua ndiyo yaliyomwua mama yenu. Dada yako Amina, mke wangu, ana neno la kukuambia juu ya hilo, nami ni mkono wake tu. Lakini nikilitoa peke yake hutaliamini. Utasema shemeji anataka kunifariji, na mimi katika maisha yangu sijapata kukufariji hata siku moja. Basi nitaanza mwanzo, tupite wote wawili tulipopita, ndipo ulisikie.

Unakumbuka Kiherehere ilipoletwa Kipini? Wewe ulikuwa umeshuka na mtumbwi wa mchele, ukasimama ukitazama umefunga mikono. Ilikuwa mashua nyembamba, ndefu, iliyoundwa Ulaya kwa ajili ya mashindano ya mbio. Ilipozeeka ikanunuliwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya pamba, naye homa zilipomchosha akamwachia tajiri wetu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Mombasa, nimejifunza injini kwa fundi wa Kigoa bandarini, na nilijiona mtu mkubwa. Niliizungusha hendeli, ikanguruma, ikaondoka kwa kishindo, ikapanda mchanga wa upande wa pili. Watu wakaipa jina lake palepale. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukaja ukanisaidia kuisukuma.

Tajiri akatuweka pamoja, mimi kwenye injini, wewe mbele na upondo wako ukisoma mto. Tuligombana tangu siku hiyo. Uliyacheka makubadhi yangu ya Lamu, ukasema mtu anayevaa sahani miguuni asijiite baharia. Mimi nilikucheka kwa kuongea na maji. Mwaka uliofuata nikamwoa dada yako, na ugomvi wetu ukapata ruhusa ya ukoo. Mama yenu alikuwa akitusikiliza tukibishana uani, akasema, "Nimezaa mmoja, Mungu amenipa wa pili wa bure." Sijui kama alikuwa akitusifu.

Na ngozi uliijua, hilo sikatai. Ile ndoo yako ya ngozi uliyopewa na rafiki yako Muorma wa Minjila ilikuwa laini kuliko shavu la mtoto. Popote ulipoona ngozi kavu, mkono wako uliingia kwenye kibuyu cha mafuta ya mkia wa kondoo. Ulipaka ndoo, ulipaka viatu vya wageni wasiokuomba, uliwahi kupaka mkanda wangu ukiwa kiunoni mwangu nami nimesinzia. Kwenu mtu aliyeacha ngozi ipasuke ni mtu mvivu, na wewe hukutaka mvivu karibu yako.

Klachi nilikueleza kwa mabakuli mawili ya uji. Bakuli moja limefungwa kwenye injini, linazunguka nayo. La pili, dogo kidogo, limefungwa kwenye shafti inayokwenda nyuma kwenye rafadha, yale mabawa yanayosukuma maji, na mgongo wake umevikwa ngozi. Springi inalisukuma dogo liingie ndani ya kubwa, ngozi inang'ang'ania chuma, vyote vinazunguka pamoja, na mashua inakwenda. Ukivuta mkono wa klachi mabakuli yanaachana, injini inanguruma peke yake. Ulisikiliza kwa makini, jambo ambalo lilinishangaza.

"Kwa hiyo injini yote hii ya Wazungu inashikwa na kipande cha ngozi?"

"Ndiyo."

"Basi lazima mtu aiangalie hiyo ngozi."

Nikadhani umemaliza.

Siku ile tulikuwa Garsen, tumepeleka chumvi na nguo. Kwetu mvua ilikuwa haijanyesha hata tone, lakini ilikuwa imenyesha huko juu milimani ambako mimi na wewe hatujafika, na mto ulikuwa ukipanda kimyakimya, maji mekundu, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Ulikuwa wakati wa mpunga kuiva. Wanawake wa kwenu Kulesa walikuwa ng'ambo ya mto wakiamia ndege, wanalala huko huko mashambani, na Amina alikuwa amekwenda na mama yenu na mtoto wetu kukaa juu ya dungu lenu, kile kilingo cha nguzo nne katikati ya mpunga. Nilimkataza. Akaniuliza kama mimi ndiye nitakayekwenda kupigia ndege makelele. Na kweli siwezi.

Asubuhi, jua limeshapanda kidogo, akatokea jirani yenu kwenye mtumbwi, anateremka na maji bila hata kupiga kasia. Hakusalimu. Hapo ndipo tulipojua kuna jambo, maana yule mzee hajawahi kupita mbele ya mtu bila kuuliza habari za mbuzi wake.

"Ukingo umevunjika," akasema. "Ng'ambo yote ni maji. Amina na mama wako juu ya dungu, na mtoto. Mitumbwi miwili imejaribu kuvuka, yote imepinduka. Watu wametoka salama, lakini hakuna anayejaribu tena."

"Umewaona?"

"Jana jioni, kabla ya giza. Walikuwa wamekaa."

Ulikuwa umeshafungua kamba kabla sijashika hendeli. Tulipakia madebe ya petroli yaliyobaki, tukasahau kushusha magunia ya chumvi, tukaondoka. Hukuongea na maji safari hiyo. Ulikuwa umesimama mbele, unasukuma magogo kwa upondo, na kila nilipopunguza mwendo kwa ajili ya kona uligeuka ukanitazama.

Mpaka nusu ya njia tulikwenda vizuri. Halafu tukafika kwenye ile kona ya mikuyu, pale mto unapobanwa, na mkondo ulikuwa mkali kiasi kwamba maji yalikuwa yamevimba katikati. Nikaifungulia injini yote. Ikapiga kelele ya juu, safi, sijawahi kuisikia ikipiga vile. Nikafurahi. Kisha nikaona mikuyu ya ukingoni inatupita kwenda mbele. Tulikuwa tunarudi nyuma.

Wewe ndiye uliyetuokoa hapo. Ulirusha kamba kwenye mkuyu uliokuwa umezama nusu, ukaizungusha, ukaifunga, mashua ikajipiga kwenye shina na kubaki pale ikitikisika. Nikazima injini.

"Imekufa?"

"Haijafa. Si umeisikia?"

"Basi kwa nini haiendi?"

Hilo ndilo swali, shemeji, na kwa miaka yote niliyokaa na injini sijaulizwa swali gumu namna ile. Mke wangu na mwanangu walikuwa juu ya miti minne iliyochomekwa kwenye udongo unaolainika, mama yako yuko nao, nami nimekaa na mashua ya mbio isiyokwenda.

Nikasema rafadha imekatwa na gogo. Ulivua shuka, ukajishusha nyuma ya mashua, ukazama mpaka kidevuni. Nikakukumbusha mamba. Ulipapasa kwa mkono, ukapanda. "Mabawa yapo matatu. Hakuna jani, hakuna kamba." Basi si rafadha.

Nikainua mbao za sakafu. Nikakuonyesha namna ya kuzungusha hendeli, nami nikalala kifudifudi nikitazama. Gurudumu la injini lilizunguka hata halionekani. Shafti nyuma yake ilikuwa ikijikokota kivivu, ungeweza kuihesabu. Harufu ikanijia puani, harufu ya ngozi inayoungua, nikajua ni klachi, mabakuli yangu ya uji yanateleza. Nikakuambia springi imelegea, na nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Nikachukua spana nikakaza nati zote. Nati moja ikaniponyoka ikaanguka kwenye maji ya chini ya sakafu, tukaipapasa sote wawili vichwa vinagongana. Tukawasha. Ikalia vibaya zaidi, na moshi ukatoka. Muda wote huo magogo yalikuwa yakishuka, na maji kwenye shina la mkuyu yalikuwa yamepanda yamefunika fundo la kamba.

Ndipo nikayatenga mabakuli nikaingiza kidole. Kilitoka kinang'aa. Nikakinusa. Nilinusa karamu, shemeji. Nilinusa kondoo wa Waorma.

"Komora. Nani ametia mafuta humu?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana, ulipokwenda kuswali. Ngozi ilikuwa na kiu. Inaanza kupasuka, nimeiona mwenyewe. Nikainywesha."

Ulisema hivyo bila hofu, ukingoja niseme vizuri. Halafu ukaniona uso. Nilikuwa nimeshika spana, nawe ukaitazama ile spana, na najua ulichofikiri. Hata mimi nilikifikiri. Lakini mikono miwili peke yake isingetosha kuitengeneza ile klachi, na hilo ndilo lililokuponya, si upole wangu.

Nataka usikie jambo ambalo sikukuambia wakati ule kwa sababu ya hasira. Yule fundi wa Kigoa alinifundisha kwamba ngozi ya klachi ikikauka sana hupakwa mafuta ya mbarika, matone machache tu, ipate kushika taratibu bila kurusha chombo. Ngozi ile ilikuwa kavu kweli. Mimi nilikuwa nikiiona na nikiahirisha. Ulichokiona ulikiona sawasawa, ila ulipaka kama unavyopaka ndoo, mpaka ngozi ikashiba. Mafuta yakatulia ndani yake tangu Garsen, na nilipofungua injini yote joto likayatoa.

Tukafanya kazi. Ulichukua majivu kwenye lile sanduku la mchanga tulilopikia, ukayachekecha kwa kilemba changu ili yasibaki na changarawe. Mimi nikayapaka kwenye ngozi kwa kidole, sehemu kwa sehemu, nikilizungusha bakuli kwa mkono. Majivu yakanywa mafuta yakawa ugali mweusi. Nikakwangua kwa kisu, nikapaka tena. Kila nilipokwangua uliniuliza, "Bado?" nami nikasema bado. Katikati ya hayo mti mmoja mkubwa ukaja moja kwa moja kwetu, wewe ukaruka upande wa mbele ukaupokea kwa upondo na kifua, na nilisikia pumzi ikikutoka. Ukarudi ukakaa, ukaendelea kuchekecha. Kifua kile kilikuuma mpaka matanga yalipoanza, nilikuona.

Ngozi ilipokauka ndipo nikaona balaa ya pili. Ilipokuwa ikiteleza ilikuwa imeungua na kulika, imekuwa nyembamba mpaka vichwa vya misumari ya shaba vimetokeza. Hata ikiwa kavu isingelijaza lile bakuli kubwa, ingeelea tu ndani yake. Fundi wangu alikuwa na dawa ya hilo pia. Unachukua vipande vya ngozi ngumu, unavipenyeza chini ya ile ya zamani, baina ya msumari na msumari, ili inyanyuke na kubana. Tukatafuta ngozi ngumu. Ndoo yako ilikuwa laini mno, na mkanda wangu, kwa hisani yako, vilevile. Kisha tukatazama miguu yangu kwa pamoja.

"Sahani zako," ukasema. Hukucheka.

Nilikata makubadhi yangu ya arusi kwa kisu cha samaki. Wewe ndiye uliyevipenyeza vile vipande. Vidole vyangu vinene havikuingia, vyako viliingia, na ulikuwa ukivisukuma kwa ncha ya kisu huku umeuma ulimi, na damu ya kidole chako ukiifuta haraka kwenye paja isije ikalowesha ngozi. Petroli ilikuwa imebaki nusu debe. Tulijua wote bila kuambiana. Tukiwasha na ikateleza tena, nusu debe hilo litateketea palepale kwenye mkuyu na hatutakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa.

Nikawasha. Nikauachia mkono wa klachi kidogo kidogo kama anavyoachiwa ndama mwenye wazimu. Ikashika. Ikashika kwa nguvu mno, Kiherehere ikaruka, wewe ukaanguka chali juu ya magunia ya chumvi, kamba ikakatika yenyewe na kona ikatupita. Nilipiga kelele sijui nilisema nini. Ulicheka, Komora. Umelala kwenye chumvi unacheka na kulia. Tulicheka sote, na ninapoikumbuka siku ile nafika hapo, na natamani ningeweza kuishia hapo.

Alasiri tukafika. Hapakuwa na shamba, palikuwa na maji na vichwa vya migomba. Dungu lilikuwa limeinama. Nilimwona Amina amekaa katikati na mtoto amefungwa mgongoni, nikamshukuru Mungu kabla sijatazama vizuri. Wewe ulikuwa umeshatazama. Uliita, "Mama!" Amina akanyanyua mkono akaushusha. Ulipanda dungu, ukanipa mtoto, ukamshika dada yako chini ya mikono ukanipa naye, kisha ukabaki juu peke yako ukizunguka, na dungu lenyewe halikuwa na pa kuzungukia. Ilibidi nikuamrishe ushuke.

Mama alipatikana maji yalipopungua, karibu na Minjila, watu wa malisho wakamsitiri kwa nguo zao na kutuletea habari. Tukamzika Kulesa. Amina alikuwa na homa, amelazwa ndani na wanawake, sisi wanaume tumekaa nje kwenye mikeka. Na kwenu kama kwetu, mfiwa haulizwi maswali. Anapewa maji, anapewa uji, anaambiwa pole. Hakuna aliyemwuliza Amina ilikuwaje. Wote tulidhani tunajua ilikuwaje.

Siku ya tatu ulikuja ukakaa karibu yangu. Ulikuwa huli. Ukasema taratibu, wasisikie wengine, "Alikuwa anatazama mto unakoteremkia. Tangu asubuhi, anatutazamia. Sisi tuko kwenye mkuyu tunakwangua mafuta yangu." Sikukujibu. Nataka ujue kwa nini. Sikuwa na la kukukatalia, kwa sababu na mimi nilikuwa nikiwaza hivyohivyo, na sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa imekukasirikia mpaka inaniuma. Asubuhi yake mkeka wako ulikuwa mtupu na upondo wako umeegemezwa ukutani. Hukumuaga hata Amina.

Alipopona tukamwambia umekwenda na msafara wa pembe kutafuta riziki, kwa kuwa hatukujua la kumwambia. Akakubali. Akawa anakungoja kama dada anavyomngoja kaka aliyekwenda safari ya kawaida.

Hivi karibuni nilileta nyumbani lile bakuli la klachi ili nilivike ngozi mpya. Amina alikuwa akitwanga. Nikawa nang'oa vile vipande vya makubadhi, na kinywa changu unakijua, nikaropoka, "Mafuta ya kaka yako haya, hata leo yananuka."

Mchi ukasimama. "Mafuta gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kona, mkuyu, majivu, maneno yako ya siku ya tatu, na kwamba hukwenda na msafara wowote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijamwona mke wangu na hasira kama ile, na hasira zake nazijua nyingi. Akaniuliza, "Yule mzee wa mtumbwi aliwafikia Garsen saa ngapi?"

"Jua limeshapanda."

"Mama alikwenda alfajiri," akasema.

Haya sasa ni maneno yake, nayaandika kama alivyoyasema, na wewe unayesoma usiyaharakishe. "Jogoo wa ng'ambo alikuwa ndiyo anawika. Nguzo ya upande wa mto ilianza kucheza, dungu likawa linayumba. Mama akaniambia, shika mtoto, nguzo najua mimi kuifunga. Akashuka kwenye maji na kamba ya ukindu. Aliifunga pale chini, akaniambia, tikisa. Nikatikisa. Akasema, tikisa kwa nguvu. Nikatikisa, haikucheza. Akasema haya basi, akaanza kupanda. Gogo likampiga akiwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Jua lilikuwa halijatoka."

Nikamwuliza mbona hakusema siku zote hizo. Akanitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa na mama yenu nikiongea upuuzi.

"Nani aliniuliza?"

Basi pima mwenyewe, shemeji. Jogoo alipowika, yule mzee alikuwa bado hajatufikia. Mimi na wewe tulikuwa Garsen tumelala kwenye magunia, na mafuta yako yamekaa kwenye ngozi hayajamdhuru mtu. Hata kama Kiherehere ingekuwa na klachi iliyotoka kiwandani asubuhi ileile, mama yenu tusingemkuta. Hakukaa juu ya dungu akitutazamia. Hakutungoja hata kidogo. Alikuwa na kazi ya kufanya, akaifanya, na nguzo aliyoifunga ilisimama mpaka alasiri tulipofika. Tuliowakuta hai tuliwakuta kwa kamba yake, na kwa vidole vyako vilivyopenyeza ngozi pale ambapo vyangu vilishindwa.

Sitakudanganya mbele ya watu wote hawa wanaosikiliza. Mafuta yale yalikuwa kosa, na ukirudi nitakukataza kuisogelea klachi yangu umbali wa mkono mmoja. Lakini kosa lile lilitupotezea nusu siku na jozi ya viatu. Halikumpoteza mama.

Mimi bado nimekukasirikia, ila si kwa hilo. Nimekukasirikia kwa kuondoka bila kuaga. Nimepewa mtu mwingine wa kushika upondo, mtu mpole, ananiitikia kila ninachosema, na siwezi kumvumilia. Hakuna anayenibishia, naongea peke yangu kwenye injini. Nimekukosa, Komora. Nimeliandika, na limesomwa mbele za watu, na ukinicheka nitajua umesikia.

Shamba la mama halijaguswa na jembe. Wazee wameniita wakasema msimu ukipita tena bila mwenyewe itabidi apewe mwingine, na Amina akawaambia mwenyewe yupo, amechelewa tu. Amesimamisha dungu jipya kwa mikono yake, pale pale. Anakaa juu yake anaamia ndege wa mashamba ya jirani, na kila mtumbwi unaopita anasimama autazame.

Jana nilipomaliza kuandika nilimsomea yote. Nikamwuliza kama ana la kuongeza. Akamfunga mtoto mgongoni kwanza.

"Mwambie kwamba mama nilimpoteza kwa mto, na mto sina la kuufanya. Yeye nimempoteza kwa mafuta ya kondoo. Hilo mimi sikubali."

Haya, shemeji. Huyo aliyekusomea umshukuru, umwombe maji ya njiani, uanze safari.

Ni mimi shemeji yako,
mume wa Amina,
Kulesa.